Kasumba ya Kuogopa Mofini

Neno kasumba tunalitumia sana siku hizi. Kasumba ya kikoloni, kasumba ya kudhani Kizungu ndio akili, kasumba ya wazazi wetu kwamba kazi ni ile ya ofisi tu. Lakini ukifungua kamusi utakuta maana nyingine, ya zamani zaidi. Kasumba ni afyuni, ule utomvu unaogemwa kutoka kwenye tunda bichi la mpopi. Kule Gujarat na Rajasthan, India, neno hilohilo ni jina la kinywaji cha afyuni iliyoyeyushwa kwa maji. Kwa hivyo tukisema mtu ana kasumba, tunasema amelishwa kitu kikamlevya akili hadi haoni kilicho mbele yake.

Nataka kuandika kuhusu kasumba zote mbili. Moja ni dawa. Nyingine ni woga wa hiyo dawa, woga ambao uliandikwa kwenye sheria ukapigwa muhuri, na ambao hadi leo unachangia kuamua ni nani atakufa akilia na nani atakufa akiwa ametulia.

Tuanze na dawa. Mwanzoni mwa karne ya 19, kijana Mjerumani aitwaye Friedrich Sertürner, msaidizi wa mfamasia katika mji wa Paderborn, alitenga kutoka kwenye afyuni kile kitu hasa kinachotuliza maumivu. Alikipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Kufikia 1827 Merck walikuwa wanaitengeneza mofini kwa ajili ya kuuza. Karibu miaka 200 baadaye, bado ndiyo kipimo ambacho dawa nyingine kali za maumivu hulinganishwa nacho. Haina hataza ya mtu yeyote. Unga wake ni rahisi, na ukiuchanganya na maji unapata dawa ya kunywa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, mofini ilikuwemo.

Lakini afyuni ilikuwa na historia nyingine sambamba. Katika karne hiyohiyo ya 19, Uingereza ilipigana vita viwili na Uchina, na kiini chake kilikuwa biashara ya afyuni iliyolimwa India. Madhara yalipokuwa makubwa kupita kiasi, mataifa yakakutana Shanghai mwaka 1909, kisha The Hague mwaka 1912, kutafuta jinsi ya kuidhibiti. Njia hiyo ndiyo iliyotufikisha New York mwaka 1961, kwenye Mkataba Mmoja wa Dawa za Kulevya, ambao mpaka leo ndio mama wa sheria nyingi za dawa hizi duniani, za kwetu zikiwemo.

Mkataba huo una ahadi mbili. Ya kwanza iko kwenye utangulizi: nchi zinakubali kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba ni wajibu wao kuhakikisha zinapatikana kwa matibabu. Ya pili ni kwamba nchi zitazuia matumizi mabaya. Ahadi ya pili ilipata polisi, mahakama, mbwa wa kunusa na bajeti. Ya kwanza ilibaki kwenye karatasi.

Na karatasi zenyewe zina namna ya kujizungusha. Kila mwaka, kila nchi hupeleka makadirio yake kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya iliyoko Vienna: mwaka ujao tutahitaji mofini kiasi gani. Nchi nyingi hukadiria kwa kuangalia zilitumia kiasi gani mwaka uliopita. Sasa fikiria hospitali ya kwetu. Daktari haandiki mofini kwa sababu famasi haina. Famasi haina kwa sababu hospitali haikuagiza. Hospitali haikuagiza kwa sababu hakuna daktari anayeiandika. Mwisho wa mwaka mtu wa takwimu anajumlisha, anapata namba ndogo, anaituma. Ukisoma ile fomu ungedhani watu wetu hawaumwi.

Mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la kitabibu The Lancet ilipiga hesabu ya dunia nzima. Kati ya tani 298.5 za opioidi zilizosambazwa kwa mwaka, kwa kipimo cha mofini, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1. Tume hiyohiyo ilisema kuziba pengo lote la dunia, kama nchi zote zingenunua kwa bei ya chini inayolipwa na matajiri, kungegharimu dola milioni 145 kwa mwaka. Dunia inatumia pesa nyingi kuliko hizo kwa mambo ya kipuuzi. Umaskini upo, lakini peke yake hauelezi tani 0.1.

Kenya iliandika sheria yake mpya ya dawa za kulevya mwaka 1994. Ilichukua nafasi ya sheria ya zamani ya dawa hatari, ikaja na adhabu nzito. Ulanguzi wa mihadarati ulibeba kifungo cha maisha pamoja na faini ya shilingi milioni 1 au mara tatu ya thamani ya mzigo, yoyote iliyo kubwa. Sheria hiyo haikukataza mofini hospitalini. Kifungu cha 3, kinachohusu kupatikana na dawa hizi, kinatoa ruhusa kwa wenye leseni maalum, kwa wataalamu fulani, na kwa mgonjwa aliyeandikiwa dawa na wataalamu hao. Nani anaweza kumwandikia? Kinawataja daktari, daktari wa meno, na daktari wa mifugo.

Soma tena. Daktari wa mifugo yumo. Muuguzi hayumo. Afisa wa kliniki hayumo.

Mimi niliyajua haya kwa mpangilio mbaya, kwanza Shangazi, sheria baadaye. Shangazi alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshasambaa. Alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Ijumaa jioni dozi za kawaida zilikuwa zimeshindwa kabisa. Alikuwa anauma kona ya shuka. Wageni walikuja na uji na maombi, wakamwambia ajikaze, kwa sababu hilo ndilo neno tulilonalo sisi kwa mtu anayeumwa. Sista wa zamu ya usiku, mama wa makamo aliyeona wagonjwa wengi wa aina hiyo, hakumwambia ajikaze. Alinivuta pembeni kwenye korido.

"Anahitaji mofini," aliniambia. "Mimi naijua, na dozi naijua. Lakini hata ingekuwepo hapa, mimi si wa kuiandika, mwanangu. Tungoje daktari Jumatatu."

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Toka Ijumaa hadi Jumatatu ni saa kama 60 hivi. Jumatatu daktari akaja, akaandika haraka bila ubishi, na binamu yangu akapanda matatu kwenda mji mwingine kuitafuta dawa. Chupa ilifika jioni. Usiku ule Shangazi alilala, na asubuhi akaitisha chai akauliza kama ng'ombe wake amezaa. Aliishi wiki tano baada ya hapo. Alikufa na saratani yake, hakuna aliyedhani mofini ingemponya. Lakini zile wiki tano alizitumia kuongea na sisi, kugawa shamba, na kumsema mjomba wangu vile alivyostahili kusemwa.

Baada ya mazishi nilianza kusoma, nikitaka kujua kama saa zile 60 zilikuwa za lazima. Jibu nililipata ng'ambo ya Malaba, ingawa hadithi yake inapitia Nairobi.

Ilianzia London. Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alifungua hospisi ya St Christopher's. Wakati huo wagonjwa wengi wa saratani walipewa dawa baada ya maumivu kuwalemea. Saunders alisisitiza kitu rahisi: mpe mgonjwa mofini ya kunywa kwa saa maalum, kabla maumivu hayajarudi. Mgonjwa asiombe. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya saratani uliojengwa juu ya fikra hiyo, ule maarufu wa ngazi yenye hatua tatu: dawa za kawaida kwanza, kisha opioidi hafifu, kisha mofini. Huduma hii nzima, ya kumtunza mtu mwenye ugonjwa usiopona bila kumwacha ateseke, kwa Kiswahili inaitwa huduma shufaa.

Afrika ilipata hospisi yake ya kwanza Harare mwaka 1979, iitwayo Island Hospice. Nairobi Hospice ikafuata mwaka 1990, ndani ya uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Daktari wake wa kwanza aliitwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyekuwa amefanya kazi Nigeria miaka mingi kama mtawa na daktari. Baadaye alihamia Singapore, na huko, pamoja na wafamasia, alitengeneza mchanganyiko rahisi sana: unga wa mofini, maji, kihifadhi ili isiharibike, na rangi. Alikuja nao Nairobi. Kwa hiyo sisi Wakenya tulikuwa na dawa, na tulikuwa na mtu wa kuifundisha.

Merriman aliandika makala kuhusu kazi ya Nairobi, na barua zikaanza kumjia kutoka nchi nyingine za Afrika: sisi pia tunahitaji. Alizunguka kuzitembelea, akachagua Uganda. Sharti lake kwa serikali lilikuwa moja kubwa, kwamba ikubali unga wa mofini uingizwe nchini. Serikali ilikubali. Mwaka 1993 Hospice Africa Uganda ikaanza katika nyumba ndogo ya kuazima kwenye Hospitali ya Nsambya, Kampala, ikiwa na pesa za kulipa kikundi kidogo kwa miezi mitatu tu. Ukimwi ulikuwa umeshika nchi na wodi zilijaa. Wengi wa wagonjwa hawangefika wodini kabisa, wangefia nyumbani kwenye migomba yao. Kwa hiyo dawa iliwafuata huko, kwenye gari la mtumba.

Mwaka huohuo wa 1993 Uganda ilipitisha sheria ya sera ya kitaifa ya dawa, ikaunda mamlaka ya kuisimamia. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka wakisimulia, kwa sababu haina machozi. Kwangu mimi ndiyo hadithi yenyewe. Hospisi peke yake ni nyumba moja nzuri katika mji mmoja. Hospisi ikiingia kwenye sera inakuwa kitu ambacho mgonjwa wa Hoima au Mbarara anaweza kukidai. Merriman na wenzake Waganda, miongoni mwao Jack Jagwe, walitumia miaka wakiketi na watu wa wizara. Mpango wa afya wa taifa ulioanza mwaka 2000 ukaiweka huduma shufaa miongoni mwa huduma za msingi.

Kisha wakagusa suala la kalamu. Madaktari walikuwa wachache na waliishi mijini. Walioko vijijini walikuwa wauguzi na maafisa wa kliniki. Hospisi ikaanzisha kozi ya miezi 9 ya kuwafundisha, na mwaka 2004 zikatoka kanuni chini ya Mamlaka ya Dawa: muuguzi au afisa wa kliniki aliyesajiliwa, mwenye cheti cha huduma shufaa, anaruhusiwa kuandika mofini na kumpa mgonjwa. Hazikuhitaji mtambo wala mkopo wa benki ya dunia. Sista kama yule wa zamu ya Shangazi, akiwa na hicho cheti, Uganda angeandika Ijumaa ileile.

Mengine yalifuata. Serikali ya Uganda iliamua mofini ya kunywa iwe ya bure kwa mgonjwa. Kuanzia 2011 Hospice Africa Uganda, kwa ubia na serikali, ikawa ndiyo inayochanganya mofini ya nchi nzima, katika eneo lake la Makindye. Unga unapimwa, unachanganywa na maji safi, unatiwa chupani. Kijani ndiyo hafifu, nyekundu ina nguvu zaidi, buluu ni kali zaidi, ili zisichanganywe. Mgonjwa anafundishwa pia kwamba mofini hufunga choo, na kwamba mbegu za papai zilizokaushwa zinaweza kusaidia. Ni dawa ya watu wa kawaida. Merriman aliishi Kampala hadi alipofariki mwaka 2025, akiwa na miaka 90.

Uganda si peponi. Wapo wengi wasiofikiwa, na imewahi kutokea chupa zikaisha. Lakini pale, chupa zikiisha ni kasoro ya mfumo uliopo. Kwetu, kwa muda mrefu, mfumo wenyewe haukuwepo.

Agosti 2010 tulipata katiba mpya, na Ibara ya 43 ikampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Siku chache baadaye, Septemba, Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaokufa kwa maumivu. Kati ya hospitali za umma karibu 250, ni 7 tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Saba. Ripoti ikaonyesha pia kwamba unga wa mofini ulikuwa unatozwa ushuru.

Kusema kweli, mengi yamefanyika tangu hapo, na si haki kuyafuta. Muungano wa hospisi za Kenya, KEHPCA, ukiongozwa kwa miaka na Dkt. Zipporah Ali, ulipiga hodi kila mlango. Huduma shufaa ikaanza kuingizwa kwenye hospitali kubwa za mikoa. Mwongozo wa kitaifa ukatoka 2013, na sera ya huduma shufaa ya 2021 hadi 2030 ikazinduliwa. Lakini 2013 ndio mwaka pia afya ilipogatuliwa, na kila kaunti ikapata daftari lake la kununulia dawa. Mgonjwa wa Nairobi na mgonjwa wa kaunti ya mbali wana katiba moja na famasi tofauti.

Najua kuna mtu anasubiri kuniuliza: na Marekani je? Si dawa hizihizi ndizo zilizoua watu maelfu kwa maelfu? Ni swali halali. OxyContin iliingia sokoni Marekani mwaka 1996, na kampuni ya Purdue ikaisukuma kwa madaktari kama dawa salama kwa maumivu ya kila aina, ya muda mrefu, kwa watu ambao wangeishi miaka mingi. Huko kosa lilikuwa faida kuachiwa iandike sera. Chupa ya maji ya kijani inayochanganywa na hospisi na kutolewa bure kwa mtu aliyebakiza wiki chache haina mwenye kutajirika nayo.

Na tuangalie kwetu pia. Unga unaomaliza vijana Mombasa na Malindi haukutoka kwenye kabati la hospitali. Heroini hiyo inatoka Afghanistan na kuvuka bahari kwa majahazi. Tramadol, ambayo wengi tunaijua, haimo kwenye orodha za mkataba wa 1961, ndiyo maana husambaa kwa urahisi kuliko mofini. Na tangu mwisho wa 2014 serikali yetu yenyewe inatoa methadoni, ambayo pia ni opioidi, kwa watu wanaojaribu kuacha heroini. Wanakuja kliniki, wanapimiwa, wanakunywa mbele ya mhudumu, daftari linajazwa. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba Kenya haiwezi kuhesabu chupa.

Kinachobaki ni ile kasumba nyingine. Imekaa kwa daktari aliyefundishwa hatari za mofini kwa mwezi mzima na matumizi yake kwa saa moja. Imekaa kwetu tunaosikia jina la mofini tukadhani mgonjwa ameshakatiwa tamaa. Imekaa zaidi kwenye sheria, kwa sababu sheria ndiyo inayomfundisha mfamasia nini cha kuogopa.

Sera ya 2030 iko na miaka michache mbele yake. Ukikutana na mbunge au mjumbe wa bunge la kaunti kabla ya kampeni zake kuisha, muulize maswali mawili. La kwanza, hospitali ya kaunti iliagiza mofini ya kunywa kiasi gani mwaka huu. La pili, kwa nini Kifungu cha 3 kinamwamini daktari wa ng'ombe kumwandikia mtu mofini, na hakimtaji sista aliyesomea kazi hiyo na anayekesha na mgonjwa. Jibu la swali la pili halihitaji hela nyingi. Linahitaji kuongeza maneno machache kwenye kifungu, kama Waganda walivyofanya 2004.